Mwanga Mwekundu Juu ya Lango la Maji

Mwalimu wenu wa umeme, ambaye zamani nilimfukuza kwenye chumba cha mashini kwa sababu alikuja na sapatu za kuogea, ameniomba niwaandikie ninyi vijana wake habari za kazi yangu. Nimekubali, lakini msitafute hesabu humu. Hesabu mtazikuta vitabuni. Mimi nitawaambia yale ambayo vitabu vinayaruka, kwa mfano kwamba lazeri na sombe havikai nyumba moja.

Naitwa Masika. Wazazi wangu walitoka Butembo kuja kuuza vitambaa hapa Bunia, na kati ya watoto wao wote mimi ndiye niliyeshindwa kuuza hata leso. Nikaingia kazi kwenye santrali ya maji, kituo cha kuzalisha umeme, ile ndogo iliyoko bondeni, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki barabara ikiwa kavu. Nilikaa huko miaka ishirini na saba. Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Saio, nalima maharagi nyuma ya nyumba na kugombana na kuku wa jirani.

Kazi yangu ilikuwa kupima mtikisiko. Kila kitu kinachozunguka kinatikisika, na kila kitu ambacho maji yanakipiga kinatikisika. Kikitikisika kama jana, unakunywa chai yako. Kikitikisika vingine, unaiacha chai.

Aliyenifundisha ni muzee Lobho, mtu wa Djugu aliyeanza ufundi kwenye migodi ya dhahabu kule Bambu. Kijiji chake kilipochomwa alihamia Bunia na wajukuu sita, lakini kila Jumatatu alikuwa wa kwanza kufika kazini. Chombo chake cha kupimia kilikuwa fimbo ya chuma yenye urefu wa mkono. Ncha moja aliiweka kwenye mashini, nyingine nyuma ya sikio, kwenye mfupa, halafu alifumba macho. Baada ya muda alisema rulma, yaani beringi, ya nyuma imeanza kukauka, na tukifungua kweli tunakuta zile tufe ndogo za chuma zimekwaruzika. Mimi wiki ya kwanza niliishika fimbo kwa meno, nikidhani nitasikia zaidi. Niliumwa kichwa siku mbili, na Lobho alicheka mpaka akakaa chini.

Neno lake lilikuwa hili: "Masika, chuma haijue kudanganya. Mutu njo anajidanganya na masikio yake."

Lakini fimbo ya Lobho ilikuwa na mpaka. Haikufika chini ya maji. Na katika santrali ya maji, mambo mabaya huanzia chini ya maji, kwenye vyuma vya kuzuia takataka na kwenye malango, mahali ambapo jicho halifiki. Tuliwahi kuwa na maikrofoni ya majini, yenye waya mrefu. Waya ule ulituletea mngurumo wa umeme wetu wenyewe zaidi kuliko sauti ya mto, mpaka siku moja gogo lilipokuja likaondoka nayo, waya na vyote.

Kisha walikuja wataalamu wa mradi mmoja kutoka nje, na sanduku lao la lazeri. Walinifundisha wiki mbili. Wiki ya tatu barabara ikawa na habari mbaya za vita, wakapanda gari wakisema watarudi. Sanduku walituachia. Nililifunika kwa kitenge changu kizuri kabisa, kwa sababu vumbi jekundu la Bunia linaingia hata kwenye yai, na tangu siku ile mashini ikawa yangu.

Namna inavyofanya kazi, sikilizeni hivi. Ukisimama kando ya barabara, pikipiki ikija upande wako sauti yake ni nyembamba, ikikupita inakuwa nene. Pikipiki ni ileile, ila mwendo wake umeibana sauti au kuilegeza. Mwanga nao ni hivyo. Unaurusha kwenye kitu, nukta nyekundu inakaa pale, mwanga unarudi. Kama kitu kinakujia, hata kwa unene wa vumbi, mwanga unarudi umebanwa. Kama kinakukimbia, unarudi umelegea. Mashini inausoma mwanga huo na kukupa mstari wa kutazama, na ukivaa vifaa vya masikioni unaisikia chuma inaimba bila kuigusa.

Maji peke yake si kioo kizuri. Upepo unayachezea, na yakiwa machafu yanakula mwanga kabla haujafika mbali. Lobho ndiye aliyepata dawa. Alichukua bomba la plastiki la mfereji, akafunga kipande cha kioo cha dirisha kwenye mdomo wa chini na kukizibia kwa silikoni maji yasiingie. Vidole viwili chini ya kioo akatandika karatasi nyembamba inayong'aa, ile ya paketi ya biskuti, imevutwa kwenye kifremu kama ngozi ya ngoma. Bomba linashushwa mtoni. Mwanga unapita ndani ya bomba, kwenye hewa, unavuka maji machafu ya vidole viwili tu, unagonga ile karatasi na kurudi. Sauti yoyote ya majini inaitikisa karatasi, nasi tunaisikia juu. Ili mwanga uingie bombani kutoka kwenye mashini iliyosimama ukingoni, tulihitaji kioo kidogo cha kuupinda. Nilitoa kile cha kwenye mkoba wangu, cha kujitazama kabla ya misa. Hakikurudi tena.

Sasa habari ya sombe. Nilikuwa nimeanza kujiamini. Siku moja mchana, mashini namba mbili ikiwa kazini, niliuelekeza mwanga kwenye ganda lake nikaona pigo, linarudi kila baada ya muda uleule, kama moyo. Niliingiwa na hofu. Nikaandika karatasi, nikasaini, mashini ikasimamishwa, nusu ya Bunia ikakosa umeme tangu saa sita hadi jioni. Mafundi wakafungua rulma zote mbili. Zilikuwa nzima kama zimetoka dukani. Ndipo Lobho alipotoka nje polepole, akamkuta mke wa mlinzi anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, kwenye kinu, juu ya saruji ileile ambayo miguu ya lazeri yangu ilisimama upande wa pili wa ukuta. Kila mtwango ulitikisa saruji, saruji ikatikisa lazeri, nami nikaiona mashini inakufa.

Watu walinipa jina la Mama Sombe. Jina lenyewe halikuniua. Kilichoniumiza ni kwamba tangu siku ile, kila nilipokuwa na uhakika, niliuogopa uhakika wangu. Lobho hakunilaumu. Alinifundisha tu kwamba kabla ya kupima kitu unachokishuku, pima kwanza kitu unachojua hakitikisiki. Ukuta ukitikisika, tatizo liko kwako. Na miguu ya chombo iweke juu ya mifuko ya mchanga. Alikuja kufa miaka michache baadaye, kwa ugonjwa wa kifua, akiwa bado anaweka fimbo yake kwenye redio ya wajukuu kuichunguza.

Nawaeleza haya yote ili muelewe hali yangu ile asubuhi ninayotaka kuwasimulia.

Ilikuwa msimu wa mvua. Milimani ilikuwa imenyesha siku tatu, na mto ulishuka na kila kitu: nyasi, magogo, chupa za plastiki, hata mlango wa choo cha mtu. Santrali yetu ina vinywa viwili vya kuingizia maji, kila kimoja na mashini yake kule chini. Mbele ya kila kinywa kuna nondo za kuzuia takataka, na nyuma ya nondo kuna lango la chuma linaloshushwa ili kukifunga. Kinywa namba moja kilikuwa kimezibwa kabisa, mashini yake imesimama. Namba mbili ilikuwa inafanya kazi peke yake, na takataka zilianza kuibana nayo. Ikisimama hiyo pia, mji mzima unakosa umeme. Hospitali kubwa ya mjini ilikuwa na jenereta, lakini mazuti ya kuiendesha yalikuwa yamekwama njiani siku ya pili kwa sababu ya matope.

Kiongozi wetu wakati ule alikuwa Ingénieur Mateso. Nisimseme vibaya. Alikuwa mtu wa haki na alijua kazi, ila asubuhi ile alikuwa na simu mbili, moja kila mkono, na zote zililia.

Mpango ulikuwa wa kawaida. Lango namba moja lishushwe, bomba lake kubwa linaloelekea chini limwagwe maji, halafu mzamiaji aingie mtoni kutoa takataka kwenye nondo kwa mikono na ndoano. Lango likiwa limefungwa, maji mbele yake yanatulia kama ya kisima, mtu anafanya kazi bila shida. Mzamiaji alikuwa Uringi, Mualuri wa Kasenyi, kando ya ziwa. Alianza kwa kuzamia motari za mitumbwi zilizoanguka ziwani, bila chupa ya hewa, kwa pumzi yake tu, kabla ya kujifunza vizuri. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ilikuwa mara yake ya nne kufanya kazi kwetu.

Lango likashushwa. Sindano ya kipimo kwenye winchi ya kushushia lango ikaenda mpaka zero, maana yake limefika chini. Mateso akaitazama, wafanyakazi wakaitazama, mimi nikaitazama. Bomba kubwa likamwagwa maji, Uringi akaanza kuvaa.

Mimi nilikuwa pale kwa ajili ya mashini namba mbili tu. Nilikuwa nimemaliza kuipima. Kwa mazoea, kabla ya kufunga sanduku, niliuhamisha mwanga kwenye ule mhimili mrefu wa chuma unaotoka juu ya lango namba moja. Lango lililofungwa vizuri hukaa kimya. Mstari kwenye kioo cha mashini uliruka.

Jambo la kwanza nililofikiri halikuwa maji. Lilikuwa kinu. Naapa, niliacha kila kitu nikaenda nyuma ya ukuta kutazama kama kuna mtu anatwanga. Hakukuwa na mtu. Nikarudi, nikakagua mifuko ya mchanga chini ya miguu ya lazeri. Ilikuwa sawa. Nikauelekeza mwanga ukutani: kimya. Nikaurudisha kwenye mhimili: unatikisika, kwa mtikisiko mzito usio na mpangilio, kama mtu anayetetemeka kwa malaria.

Bado inaweza kuwa mashini namba mbili, nikajiambia. Saruji ni moja. Ukuta mnene unaweza kunyamaza na mhimili mwembamba ukaimba. Uringi alikuwa ameshafunga mkanda wa chupa ya hewa.

Nilimwendea Mateso, nikamwomba asubiri. Alishusha simu moja.

"Madame, sindano iko ku zero. Unataka nini tena?"

"Shefu, ile sindano imefungwa ku winchi. Inahesabu kamba yenye tumeshusha. Haijue lango iko wapi."

Alijua ni kweli. Lango likikalia kitu katikati ya njia, kamba inaendelea kushuka imelegea, na sindano inaendelea kuhesabu. Lakini simu ya pili ililia, akaitazama, akanitazama mimi. Kisha akasema, si kwa ubaya, "Madame Masika, isikuwe tena sombe."

Wanaume waliokuwa kwenye winchi walicheka. Niliona masikio yangu yanawaka. Nikamwambia anipe dakika kumi. Akatazama mawingu kule milimani, meusi tena, akasema kumi, si kumi na moja.

Vijana wangu, dakika kumi ni chache. Tulilishusha bomba la Lobho mbele ya kinywa, wanaume wawili wakilishika kwa kamba, nami nikihangaika na kile kioo kidogo kuuingiza mwanga bombani. Nukta nyekundu ilianguka kwenye ukingo, ikapotea, ikarudi, ikapotea. Uringi alikuwa amekaa kwenye saruji, miguu ndani ya maji, akinitazama. Hakuonyesha hasira wala haraka.

Mara ya tano mwanga ulipiga karatasi. Nikavaa vifaa vya masikioni.

Kwanza nilisikia mashini namba mbili, mngurumo wake ninaoujua kama kikohozi cha mume wangu. Chini ya mngurumo kulikuwa na sauti nyingine. Shhhh, mfululizo, kama mafuta ya moto kwenye kikaangio ukidondosha ndizi. Hiyo ni sauti ya maji yanayopita kwa nguvu mahali pembamba. Lakini namba mbili nayo ilikuwa inakula maji kwenye nondo zilizoziba, na huko pia yanapita kwa nguvu mahali pembamba. Sauti ilikuwa ya nani?

Nilimwomba Mateso asimamishe namba mbili dakika moja. Alikataa, na alikuwa na haki. Kwa maji machafu vile, pengine isingewaka tena siku hiyo.

Hapo nilikwama. Nilisimama na vile vifaa masikioni, watu wote wananitazama. Ndipo nikafikiri: sipati kuizima sauti, lakini naweza kutembea. Nikawaambia wale wawili walisogeze bomba mbele ya kinywa namba mbili. Sauti ikawa kubwa. Kisha waanze kulirudisha kuelekea namba moja, hatua moja moja, nami kila hatua nautafuta mwanga upya. Sauti ikapungua. Ikapungua tena. Kama ilikuwa ya namba mbili tu, ingeendelea kupungua mpaka mwisho. Hatua ya sita ilianza kupanda. Ya saba ikapanda zaidi. Mbele ya namba moja nikawaomba washushe bomba, mita moja, mita mbili, kisha upande wa kushoto. Kwenye kona ya chini kushoto karatasi ililia hata nikavua kifaa kimoja sikioni.

Dakika kumi zilikuwa zimepita. Nilimwambia Mateso kwamba lango halijafika chini, kwamba kona ya kushoto imekalia kitu na maji yanapita. Upande huu mto umejaa, upande ule bomba kubwa ni tupu. Tundu la upana wa kiganja tu, na maji ya kina kile yakisukuma, mtu akisogea karibu hatoki.

Mateso alisema anaelewa, lakini mashini ile imewahi kusema uongo, na hospitali haisemi uongo. Hakupaza sauti. Nafikiri alikuwa ananiomba nimpe sababu ya kuniamini, na mimi nilikuwa na mstari kwenye kioo na sauti masikioni mwangu peke yangu.

Uringi akasimama. Maji yalikuwa yanamdondoka miguuni.

"Mama," aliniuliza, "niingie ao nisiingie?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama lile kazini. Watu huniuliza sindano inasema nini, mstari unasema nini. Huyu alinifanya mimi niseme.

"Usiingie," nikamwambia.

Mateso alifungua mdomo, lakini niliendelea kabla hajasema. Nikasema tutume mwingine. Tuchukue gunia, tulijaze mchanga na matambara mabichi mpaka liwe na ukubwa wa mtu, tulifunge kamba, tulishushe kwenye ile kona. Kama ni sombe, gunia litarudi, nami mwenyewe nitaandika barua ya kuacha kazi leo hii.

Walilijaza haraka. Wanaume wanne walishika kamba. Gunia liliingia majini, likazama taratibu, kamba ikatembea mikononi mwao bila haraka. Mita moja. Mita mbili. Nilikuwa nimevaa vifaa tena. Nilisikia ile sauti ya kukaanga inabadilika, inakuwa nene, na wakati huohuo kamba ikakimbia. Mmoja alipiga kelele na kuiachia, kiganja chake kimechunika. Watatu waliobaki waliburutwa mpaka kwenye ukingo. Kisha kamba ikasimama, imekaza, inatetemeka.

Walivuta. Wakaongezeka, wakawa saba, Mateso mwenyewe akiwa wa saba, simu zote mbili mfukoni. Gunia halikusogea hata kidole. Masikioni mwangu ile shhhh ilikuwa imekwisha, imebaki sauti ya chini sana, kama ng'ombe anayelia mbali.

Waliiachia kamba, wakaifunga kwenye nguzo. Uringi aliitazama ile kamba muda mrefu. Kisha alikaa chini, akavua kiatu cha kuogelea cha kushoto, halafu cha kulia, akavipanga kando yake.

Simu ya Mateso ililia. Akaizima. "Tufanye namna gani sasa, madame?" aliniuliza.

Tulifanya hivi. Kwanza tuliwatoa watu wote waliokuwa chini kwenye mashini namba moja, mpaka tukahesabu vichwa mara mbili. Kisha tuliinua lango nusu mita. Maji yalinguruma yakaingia kwenye bomba kubwa, na kwa ule mlango uliofunguka mto uliikata kamba ukaondoka na gunia na kile kilichokuwa chini ya lango. Baadaye tulikikuta kule chini kabisa: kipande cha gogo la kalitusi, kinene kama paja langu. Kilikuwa kimepinda nondo mbili za chini na kupita katikati yake. Tukashusha lango tena, tukamwaga maji ya bomba kubwa. Sindano ikaenda zero.

Na hapo, vijana, ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Kusema hapana kunahitaji moyo, lakini ukikosea, mtu yuko hai na unachekwa. Kusema ndiyo ni kumtia mtu majini. Sasa kila mtu aligeuka kunitazama mimi, na hakuna aliyeitazama sindano.

Nilipima ukuta. Nilipima mhimili: kimya. Nilishusha bomba kwenye kona ya kushoto, ya kulia, katikati. Mngurumo wa namba mbili tu. Nikarudia. Mateso hakunihesabia dakika. Nikarudia mara ya tatu, na nilipokosa sababu ya kurudia ya nne, niliomba gunia la pili. Lilishuka mpaka chini kona ya kushoto, likakaa. Mtu mmoja akalivuta kwa mkono mmoja, likaja.

Uringi alikuwa ameshavaa tena. Nilimwambia aingie, ila asiupite mstari wa nondo, na kila baada ya muda agonge chuma mara tatu. Akaitikia kwa kichwa, akafungwa kamba kiunoni, akazama.

Nilikaa na vifaa masikioni muda wote aliokuwa chini. Karatasi ya biskuti ya Lobho ilinasa kila kitu: mapovu ya pumzi yake, ndoano ikikwaruza nondo, magogo yakiachia. Ngo, ngo, ngo. Namnyooshea Mateso kidole gumba. Mapovu. Mapovu. Ngo, ngo, ngo. Kisha, katikati ya kazi, mapovu yakaacha. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka kumi na mbili. Nilikuwa nimeinua mkono, watu wa kamba wameshaanza kuvuta, ndipo povu kubwa likapita, na baada yake ngo, ngo, ngo, kwa nguvu, kama mtu aliyekasirishwa. Alikuwa ameshika pumzi ili mapovu yasimzuie kuona fundo la waya lililonasa kwenye nondo. Wazamiaji, msifanye hivyo. Nilimgombeza baadaye kama mama yake.

Alitoka mchana, midomo imebadilika rangi kwa baridi. Mashini namba moja iliwaka kabla ya saa tisa, na mvua ilitukuta tumeshamaliza kusafisha namba mbili pia. Mateso aliandika taarifa yake. Aliandika kwamba sindano ifungwe kwenye lango lenyewe, si kwenye winchi, na jambo hilo lilifanyika. Nani alikosea hakuandika, nami sikumwomba.

Nilikuwa napanga vitu kwenye sanduku Uringi alipokuja, amejifunga blanketi. Aliniuliza kama mashini inatunza ile sauti ya asubuhi, ya kwanza, kabla ya gunia. Nikamwambia inatunza. Akaomba kuisikiliza.

Nilimvalisha vifaa, nikaitafuta, nikaiachilia. Alisimama akitazama mto. Sauti ile ina urefu wa dakika nne hivi. Nilidhani ataisikia kidogo na kuvua, kama watu wanavyofanya, lakini aliisikiliza mpaka mwisho, bila kusogea. Kisha akavua vifaa, akanirudishia kwa mikono miwili.

Hakunishukuru. Alitoa simu yake kwenye mfuko wa plastiki, akasogea hatua chache kando, akampigia mke wake Kasenyi. Nilimsikia anamuuliza habari za watoto, na kama nyavu zimekauka. Mwanamke upande wa pili alimuuliza kitu, bila shaka alimuuliza kazi imekwendaje, kwa sababu Uringi aligeuka akautazama mto kabla ya kujibu.

"Kazi iko muzuri," alisema. "Unitunzie chakula. Nakuja kulala kwetu."